ASKOFU JAMES HANNINGTON: NEEMA NA KAZI



Kila mwaka ifikapo tarehe 29 Oktoba Kanisa letu humkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Wengi wetu tumelisikia jina lake tangu Shule ya Jumapili, na twajua jinsi alivyokufa. Lakini si wengi wanaokumbuka kwamba huyu alikuwa askofu wa kwanza wa nchi hizi zetu. Dayosisi aliyokabidhiwa iliitwa Afrika ya Mashariki ya Ikweta, na ndani yake zilikuwamo Mombasa, Buganda, na vituo vya CMS vya huku bara, pamoja na Mpwapwa. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na hii yetu ya Mpwapwa mwaka 1991. Bali ukiufuata mti huu mpaka shinani utamkuta Hannington. Tena alipita hapa kwetu mara mbili kabla hajawa askofu: mara ya kwanza akiwa na nguvu zake, mara ya pili akiwa mgonjwa, akichukuliwa na watu.

Tumependa kusimulia maisha yake safari hii kwa sababu ya jambo lililotupata. Si zamani tulikwenda kumtazama mzee mmoja wa kanisa aliye mgonjwa. Mzee huyu amefundisha wanafunzi wa ubatizo kwa miaka mingi, amefyatua matofali ya kanisa la mtaa wake, na kila mwaka wa mavuno ameleta debe lake la kwanza mbele ya madhabahu. Sasa miguu imekataa. Tulidhani tutamkuta na amani, kumbe alikuwa na hofu. Alikuwa akihesabu. Alitaja matofali, akataja miaka, akataja na siku alizokosa kufika ibadani, kisha akatuuliza kama hayo yote yatatosha mbele za Mungu.

Tuliona haya, maana sisi viongozi ndio tuliomfundisha kuhesabu. Siku za michango twasema maneno mengi juu ya thawabu ya mtoaji, wala hatuna haraka kama hiyo ya kusema kwamba wokovu haununuliwi. Na upande wa pili tunao ndugu wanaoshuhudia kila mara kwamba wameokoka kwa neema, lakini siku ya kuchimba msingi wa nyumba ya mchungaji hawaonekani. Mmoja ameshika kazi akasahau neema. Mwingine ameshika neema akasahau kazi. Maisha ya Hannington yaweza kuwasaidia wote wawili, pamoja na sisi tuandikao.

Mwana wa mfanyabiashara

James Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kubwa katika mji wa Brighton, na nyumbani hawakupungukiwa na kitu. Kijana alikuwa mtundu kupita kiasi. Siku moja alichezea baruti, ikamlipukia na kumkata kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alipokuwa na miaka 15 aliacha shule, akaingizwa katika ofisi ya baba yake, akakaa huko miaka sita bila kuipenda kazi hiyo hata kidogo.

Hapo kwanza jamaa yake hawakuwa Waanglikana. Waliingia katika Kanisa la Uingereza mwaka 1867. Mwaka uliofuata James alikwenda Oxford kusoma, akiwa na nia ya kuwa mtumishi wa Kanisa. Lakini kama twasema kweli, hakwenda kwa sababu alimjua Mungu. Alikuwa mtu wa mizaha, wa kupiga makasia, na wa kupendwa na rafiki. Vitabu vilimchosha. Mwezi Februari 1872 mama yake alifariki, na msiba huo ulimtikisa sana, kwa maana walipendana mno. Tangu hapo alianza kufikiri kwa uzito zaidi, lakini kufikiri si kupata amani.

Shemasi asiye na amani

Alipojaribu mtihani wa askofu mara ya kwanza alishindwa kwa woga na ugonjwa. Alirudi tena akapita, na tarehe 1 Machi 1874 akawekwa kuwa shemasi katika Exeter na Askofu Frederick Temple. Yasemekana askofu alimtazama miguu, akaona ni imara, akamwagiza aitumie kuzunguka parishi yake.

Naye akazunguka kweli. Alipelekwa Martinhoe na Trentishoe, parishi mbili za mlimani karibu na bahari, nchi ya upepo, ukungu na njia mbaya. Alikwenda juu ya farasi mdogo kutoka nyumba hata nyumba. Aliwatembelea wagonjwa, akawachanganyia dawa, akakaa na wakulima na wavuvi nao wakampenda. Kama tungekuwa wazee wa kanisa lile tungemsifu, na labda tungeandika kwa askofu kwamba tumepata shemasi mwema.

Lakini ndani yake alijua hali yake. Alikuwa akisoma ibada kwa ajili ya wengine huku mwenyewe akiwa na njaa. Alihubiri msamaha ambao hakuwa na hakika kwamba amesamehewa. Kadiri alivyojitahidi, ndivyo alivyouona upungufu wake. Alikuwa kama mtu anayelipa deni kwa senti moja moja, na kila akilipa anaona deni limezidi.

Hapo ndipo anapofanana na mzee wetu. Hakuwa mvivu, wala mnafiki wa makusudi. Alikuwa mtu mwenye kujitahidi kwa moyo wake wote, naye hakujua atosheke lini.

Kitabu kutoka kwa rafiki

Rafiki yake mmoja wa Oxford aitwaye Edward Dawson, naye kasisi, alikuwa amempata Kristo kwa furaha. Alimkumbuka Hannington katika sala zake, akamwandikia barua kumweleza mambo ya roho yake mwenyewe. Hannington hakumjibu upesi. Baada ya muda mrefu, taabu ya moyo ilipozidi, ndipo alipoandika. Dawson akampelekea kitabu kilichoitwa Neema na Kweli, kilichoandikwa na mhubiri W. P. Mackay. Huyu si yule Alexander Mackay wa Uganda tutakayemtaja baadaye.

Kitabu hakikumpendeza. Aliyaona makosa katika dibaji yake, akakitupa kando. Lakini kwa kuwa rafiki yake angemwuliza juu yake, alikishika tena akasoma kwa kujilazimisha. Alipofika sura inayohusu kusamehewa dhambi, macho yake yalifunguliwa. Alikuwa kitandani wakati huo. Alielewa kwamba asamehewe si kwa sababu anajisikia vizuri, wala si kwa sababu amefanya kazi ya kutosha, bali kwa sababu Yesu Kristo amekufa kwa ajili yake. Aliruka kutoka kitandani, akazunguka chumbani akimsifu Mungu.

Tutazame jambo hili kwa makini, ndugu. Hannington alikuwa amebatizwa. Alikuwa amewekwa wakfu kuwa shemasi. Alikuwa akitoa huduma kila siku. Yote haya ni mema, wala hatuyadharau. Lakini alikuwa amekifanya kila kimoja kuwa malipo. Siku ile aliambiwa kwamba deni limekwisha kulipwa na Mwingine, na risiti imekwisha kuandikwa.

Ubishi wa zamani

Shida hii si mpya. Miaka zaidi ya 1,500 iliyopita mtawa mmoja kutoka Uingereza aitwaye Pelagio alifundisha kwamba mtu anazo nguvu za kutosha za kutenda mema akitaka, bila kuhitaji neema ya Mungu imwanzie ndani. Aliyempinga kuliko wote alikuwa Mwafrika, Agostino, Askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini. Agostino aliyajua maisha yake mwenyewe. Alikuwa ametaka kuacha dhambi asiweze, mpaka Mungu alipomshika. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, wakalikataa fundisho la Pelagio.

Kanisa letu la Anglikana limeshika njia hiyo. Katika zile Kanuni 39 za Dini, Kanuni ya 10 yafundisha kwamba hatuwezi kumgeukia Mungu kwa nguvu zetu wenyewe, ila neema yake ikitutangulia. Ya 11 yasema twahesabiwa haki kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani, si kwa matendo yetu. Na ya 12 yaongeza mara hiyohiyo kwamba matendo mema ni matunda ya imani, nayo yampendeza Mungu, ingawa hayawezi kuondoa dhambi. Yaani mti hufanywa hai kwanza, ndipo uzae. Hakuna mtu afungaye maembe kwa kamba juu ya mti mkavu ili uwe hai.

Paulo aliwaandikia Waefeso mambo hayo mawili mahali pamoja, katika sura ya pili: kwamba tumeokolewa kwa neema, na kwamba tumeumbwa ili tutende matendo mema. Mara nyingi sisi husoma aya moja na kuiacha jirani yake.

Kazi iliyofuata

Je, baada ya siku ile Hannington alikaa akipumzika? La. Alizidi kufanya kazi. Mwishoni mwa mwaka 1875 alirudi kijijini kwao Hurstpierpoint kuwa na ulinzi wa kanisa la Mtakatifu George, lililokuwa katika uwanja wa jamaa yake. Mwaka 1876 alipata daraja la ukasisi, na mwaka 1877 akamwoa Blanche Hankin-Turvin. Alipoona ulevi unavyoharibu nyumba za watu kijijini, yeye mwenyewe aliacha pombe kabisa ili awaongoze wengine. Alimwacha farasi wake, na zizi akaligeuza kuwa chumba cha ibada. Aliitwa kuhubiri huku na huku, na watu wengi wakarudi kwa Bwana.

Ukimtazama kwa nje, Hannington wa Martinhoe na Hannington wa Hurstpierpoint ni mtu mmoja mwenye bidii ileile: miguu ileile, mizaha ileile, usiku uleule wa kwenda kwa wagonjwa. Tofauti ilikuwa ndani. Zamani alifanya kazi ili apendwe. Sasa alifanya kazi kwa kuwa amependwa. Mtumwa na mwana waweza kulima shamba moja, kwa jembe la namna moja, tangu asubuhi hata jioni. Jioni mmoja ataogopa kuulizwa, na mwingine ataingia ndani kula.

Mwaka 1878 ilifika Uingereza habari kwamba wamisionari wawili wa CMS, Shergold Smith na O'Neill, wameuawa Ukerewe mwezi Desemba uliotangulia. Habari hiyo haikumtoka moyoni. Mwaka 1882 alijitoa kwa CMS aende katika Afrika. Alimwacha mkewe na watoto wao wadogo, na tarehe 17 Mei mwaka huo akapanda meli pamoja na wenzake watano.

Mara mbili Mpwapwa

Kutoka Unguja walivuka mpaka Saadani, wakashika njia ya bara. Wasomaji wetu wazee wanajua kwamba Alexander Mackay, yule fundi wa Uganda, alitengeneza barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa mwaka 1877, mwendo wa maili kama 230. Hapa Mpwapwa kituo cha CMS kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1876 na kusimamishwa tena mwaka 1878, na Dk. Baxter alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Basi katikati ya mwaka 1882 Hannington alifika hapa, akiwa mkuu wa msafara, mwenye haraka ya kuvuka Ugogo na kulifikia Ziwa.

Sisi tulio wakaaji wa nchi hii twajua ukavu wa Ugogo katika miezi ile, jua lake, vumbi lake, na maji ya chumvi. Walipofika Uyui, karibu na Tabora, mwezi Septemba, homa na tumbo la kuhara damu vilimwangusha. Alilala muda mrefu, mara nyingine wenzake wakidhani saa yake imefika. Hata hivyo alijikaza mpaka akaliona Ziwa. Lakini nguvu zilikwisha. Mtu aliyekuja kuhubiri Buganda hakufika Buganda. Ilimpasa kugeuka.

Ndipo mwaka 1883 alipopita tena kwetu, safari hii akirudi pwani, sehemu kubwa ya njia akichukuliwa kwenye machela mabegani mwa wapagazi. Yule mwenye miguu imara aliyesifiwa na askofu wake sasa alikuwa mzigo wa watu. Hakuwa na kazi ya kuonyesha. Alikuwa ametumia fedha za Kanisa na miezi mingi, naye hakuwa amefika alikotumwa.

Tunaomba kila msomaji asimame kidogo katika jambo hili. Kama wokovu ungekuwa mshahara, basi mtu yule kwenye machela angekuwa amepoteza kazi na mshahara pia. Lakini Mungu aliyempenda alipokuwa akipanda milima mwaka 1882 ndiye aliyempenda alipobebwa mwaka 1883. Upendo ule haukupungua hata kwa kiasi cha kibaba. Mzee wetu naye amelala kitandani, hana tofali la kufyatua tena, wala debe la kuleta. Yeye na Hannington wamekutana njia moja.

Kuwa askofu

Mwezi Juni 1883 Hannington alifika kwao. Mwanzoni waganga hawakukubali arudi katika Afrika, lakini afya yake ilipopata nafuu walibadili shauri. Tarehe 24 Juni 1884 aliwekwa wakfu katika Lambeth, London, na Askofu Mkuu Benson, kuwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Mwezi Januari 1885 alishuka Mombasa, akakaa Freretown, kijiji cha watu waliookolewa katika utumwa. Alikwenda Taita na Taveta, na mpaka Moshi kwa Wachagga.

Tarehe 31 Mei 1885, Jumapili ya Utatu, aliwaweka mashemasi wawili, William Jones na Ishmael Semler. Wote wawili walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani wakiwa wadogo, wakaokolewa baharini na kulelewa India. Hakuna mtumwa ajikomboaye mwenyewe akiwa ndani ya jahazi, amefungwa minyororo. Mtu mwingine huja akaikata. Lakini aliyekombolewa halali tena katika jahazi, husimama akatembea. Nadhiri za wanaume hawa wawili zilikuwa ushuhuda wa neema na kazi kuliko mahubiri mengi.

Njia ya Busoga

Hannington aliona njia ya zamani, ile ya kupita kwetu, ni ndefu na yenye homa. Joseph Thomson alikuwa amepita katika nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884, na Askofu akakusudia kuingia Buganda kwa upande huo wa mashariki. Tarehe 23 Julai 1885 aliondoka Rabai na msafara wa watu kama 200, pamoja na shemasi William Jones.

Hapa twapaswa kusema ukweli wote. Huko Buganda Kabaka Mwanga alikuwa kijana mwenye hofu. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Wakristo walikuwa wameuawa kwa moto. Kisha zilifika habari kwamba Wadachi wamechukua nchi upande wa pwani; na nchi hiyo, wasomaji, ilikuwa Usagara, mlango wa hapa kwetu, ambako Carl Peters aliandikisha mikataba yake mwishoni mwa mwaka 1884. Tena watu wa Buganda walikuwa na imani ya zamani kwamba watakaoiteka nchi yao watatoka mashariki, kupitia Busoga. Alexander Mackay na wenzake waliiona hatari hiyo, wakaandika kumwonya Askofu asije kwa njia ile. Onyo halikumfikia.

Tarehe 12 Oktoba alimwacha Jones na watu wengi Kavirondo, akaenda mbele na watu kama 50. Alitembea kwa bidii yake ya siku zote, naye akaingia mtegoni. Walioandika habari zake tangu wakati ule wameona kwamba shauri la njia hiyo halikuwa jema. Sisi nasi hatuna haja ya kulificha. Neema si cheti cha kusema kwamba kila tunaloamua ni sawa. Mtu aliyesamehewa aweza kukosea njia, na kosa lake laweza kuwagharimu wengine. Wapagazi waliomfuata waliuawa karibu wote, na majina ya wengi wao hatunayo katika vitabu. Mungu anayo. Siku ya kumkumbuka Askofu tusiwasahau hao, maana bila mabega yao hakuna mmisionari aliyefika popote, wala huko Buganda wala hapa Mpwapwa.

Siku nane

Tarehe 21 Oktoba watu wa Luba, mkuu wa Busoga, walimkamata, wakamburuta na kumfungia katika kibanda kichafu chenye giza, panya na wadudu. Homa ilimrudia. Watu walikuja kumtazama kama kitu cha ajabu. Wajumbe walikuwa wamekwenda kwa Mwanga kuuliza afanywe nini.

Katika siku hizo nane Hannington hakuhubiri mahali, hakubatiza, hakujenga, wala hakutembelea mgonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, na mlango umefungwa. Lakini alikuwa na Biblia yake na daftari dogo la safari, ambalo baadaye lilipatikana. Aliandika humo jinsi Zaburi ya 27 na ya 30 zilivyomtia nguvu. Aliandika pia wazi kwamba amechoka na kukata tamaa mara kwa mara, wala hakujifanya shujaa. Asubuhi alifarijiwa, jioni alilemewa, kesho yake akasoma tena.

Kazi yake pekee iliyobaki ilikuwa kupokea. Na hiyo ndiyo kazi aliyojifunza kitandani miaka 11 nyuma, alipokuwa shemasi. Tarehe 29 Oktoba 1885 walimtoa nje wakamwua pamoja na watu wake. Alikuwa na miaka 38. Wachache tu waliokoka kuleta habari kwa Jones, naye akawarudisha waliobaki. Tarehe 4 Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa na bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, maana waliona utukufu umeondoka.

Haukuondoka. Mwaka 1886 vijana wengi wa Buganda, Waanglikana na Wakatoliki, walikufa kwa ajili ya imani yao, na Kanisa likakua badala ya kufa. Mifupa ya Askofu ilizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Baadaye Joseph, mwana wa Hannington, alikuja Uganda kuwa mmisionari, naye ndiye aliyembatiza mwana wa Luba. Tukio hilo halikuwa katika mipango ya mtu awaye yote. Mwana wa aliyeuawa akishika maji juu ya kichwa cha mwana wa aliyemfunga: hapo twaona neema ni nini.

Tujifunze nini

Wakulima wa Mpwapwa watatuelewa tukisema hivi. Hakuna jembe liletalo mvua. Waweza kulima mchana kutwa mwezi wa Novemba, ukafukua mpaka mwamba, na wingu lisionekane. Mvua ni ya Mungu. Lakini mvua ikinyesha juu ya shamba la mtu aliyelala, huotesha majani tu. Tena mfano huu una upungufu wake, maana hata mikono ya kushika jembe, na moyo wa kuamka alfajiri, vimetoka kwa Mungu yuleyule mwenye mvua. Ndiyo maana Paulo aliwaambia Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kutetemeka, akaongeza papo hapo kwamba atendaye kazi ndani yao ni Mungu.

Kwa ndugu aliyeokoka asiyeonekana siku ya kazi, twasema: mtazame Hannington baada ya kile kitabu. Neema iliyomruka kitandani haikumrudisha kitandani. Yakobo naye angetuuliza imani yetu iko wapi kama msingi wa nyumba ya mchungaji wachimbwa na wajane peke yao.

Na kwa mzee wetu, ambaye tumerudi kwake tukamsimulia habari hizi kwa maneno machache, twasema kama tulivyomwambia kando ya kitanda chake. Matofali yako ni mema, baba, na Bwana ameyaona. Lakini usiyapande ili ufike mbinguni, maana hayakufyatuliwa kwa kazi hiyo. Yule mwivi msalabani hakuwa na tofali hata moja. Ulifanya kazi kama mwana nyumbani mwa Baba yake, na sasa ni jioni, mwana ameitwa ndani. Alitusikiliza kimya, akaomba tumsomee Zaburi ya 27, tukamsomea. Hakutaja tena hesabu yake siku ile.

Tarehe 29 Oktoba tukutane kanisani kumshukuru Mungu kwa ajili ya Askofu James Hannington na wapagazi wake. Na atakayeweza, alete jembe. Baada ya ibada tutaendelea na ule msingi.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetupenda kabla hatujafanya lolote, utuondolee hofu ya mtumwa na uvivu wa mwana mpotevu. Utupe kufanya kazi mchana kwa furaha, na jioni ikija, utupe kukuamini Wewe wala si kazi zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.